Sauti Ndani ya Ngoma, Sauti Ndani ya Dubu: Uanze na Hofu Ipi?

Mtoto wa pwani huisikia hadithi hii kabla hajajua kusoma. Wasichana wamekwenda ufukweni kuokota kombe. Mmoja wao akaokota kombe zuri kuliko yote, akaliweka juu ya mwamba lisipotee, kisha akalisahau. Wako njiani kurudi ndipo akakumbuka. Akawaomba wenzake warudi naye, wakakataa. Akarudi peke yake, anaimba njia nzima ili ajipe moyo. Pale mwambani akamkuta zimwi amekaa. "Sogea, sikusikii vizuri, imba tena." Akasogea. Zimwi akamkamata, akamtia ndani ya ngoma, akaiwamba. Tangu siku hiyo akawa anapita kijiji hadi kijiji anapiga ngoma yake, na ngoma inaimba kwa sauti ya mtoto. Watu wanashangilia, wanampa wali na kuku. Siku moja akafika kijijini kwa wazazi wa yule msichana bila kujua. Akapiga. Ngoma ikaimba. Mama akaacha alichokuwa anafanya, kwa kuwa ile sauti aliijua.

Sasa tazama picha ya pili. Ni filamu ya Annihilation ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Alex Garland. Wanawake watano wenye taaluma tofauti wameingia katika eneo lililogeuzwa na kitu kilichoanguka kutoka angani. Humo ndani mimea, wanyama na watu wanaingiliana miili. Mmoja wao, Sheppard, ameshauawa na dubu. Usiku, watatu wamefungwa kwenye viti na mwenzao ambaye hawaamini tena. Nje inasikika sauti ya Sheppard ikilia kuomba msaada. Yule aliyewafunga anatoka mbio kuifuata. Anayeingia ndani ni dubu, na kila akifungua kinywa, inayotoka ni sauti ya yule marehemu. Anawapitia pale vitini, ananusa mmoja baada ya mwingine.

Ufundi ni ule ule: kiumbe kinatoa sauti ya mtu tuliyempoteza. Hofu zake ndizo hazifanani. Ndani ya ngoma yumo mtu, na mama anaweza kumtoa. Tena anamtoa: wanamkirimu zimwi hadi analala, wanaifungua ngoma, wanatia nyuki, nyoka na siafu mahali pa mtoto, na zimwi anakwenda kuyakuta mbele ya safari. Ndani ya dubu hamna mtu wa kutolewa. Mwenzao mmoja anasema baadaye kwamba kilichosalia cha Sheppard mle ni maumivu na hofu ya dakika yake ya mwisho. Sauti inaita, lakini hakuna wa kumwitikia.

Nimeanza na hizi mbili kwa sababu mpwa wangu aliniandikia kabla ya likizo: "Mjomba, shikamoo. Nataka kitu cha kutisha, ila sio yale mapepo ya kurukia kamera. Nianze na za anga au za majini?" Nilimjibu kwa maneno machache, kisha nikaona swali lake linastahili jibu refu, kwa kuwa wengi wanalo. Wanajua kwamba hadithi za sayansi na za fantasia zinaweza kumnyima mtu usingizi kuliko filamu zenye neno "kutisha" kwenye jalada. Wasichojua ni ipi kati ya hizo itawafaa wao.

Ninaposema hadithi za sayansi, nakusudia zile ambazo jambo la ajabu lina maelezo ya kimaumbile, hata kama yametungwa: mashine, sayari, ugonjwa, chembe za mwili. Fantasia ni zile ambazo jambo la ajabu linakuja na majini, viapo, laana, na miliki zenye sheria zake. Mpaka kati yao unavuja, na nitaonyesha unavujia wapi.

Meza mbili

Njia nzuri ya kuziona tofauti ni kuketi kwenye meza mbili za chakula.

Ya kwanza iko ndani ya chombo cha mizigo Nostromo, katika Alien ya mwaka 1979, iliyoongozwa na Ridley Scott. Wafanyakazi ni saba. Wameamshwa njiani na ishara ngeni, watatu wakashuka kuichunguza, na mmoja wao, Kane, akarudishwa amebebwa, kiumbe kimemng'ang'ania usoni. Ripley yuko ndani, mlango uko mikononi mwake, na anakataa kuufungua: kanuni ya karantini ni saa 24. Kapteni yuko nje, anamwamuru afungue. Bado anakataa. Ndipo Ash, afisa wa sayansi, anabonyeza kitufe.

Baadaye kiumbe kinadondoka kimekufa, Kane anazinduka ana njaa, na wote wanakaa kula. Wanataniana. Kane anakohoa, wenzake wanadhani amepaliwa. Anajinyonganyonga, wanamlaza juu ya meza wakijaribu kumsaidia, doa la damu linatokea kwenye fulana, na kifua chake kinapasuka kwa ndani. Kilichotoka kinatazama huku na huku, kisha kinakimbia.

Meza ya pili iko katika Pan's Labyrinth ya mwaka 2006, ya Guillermo del Toro. Ni Hispania ya 1944, miaka mitano baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Msichana Ofelia amepewa kazi na kiumbe cha msituni mwenye pembe, na ameonywa: humo utakamoingia kuna karamu, usile wala usinywe chochote. Anaingia. Meza imejaa matunda na nyama, na kwenye kichwa cha meza ameketi kiumbe mweupe, ngozi imelegea, usoni hana macho. Macho yake yamelala juu ya sahani mbele yake. Pembeni kuna lundo la viatu vya watoto. Ofelia anakula zabibu moja. Nyuma yake vidole vinaanza kuchezacheza. Anakula ya pili. Kiumbe kinaokota macho, kinayapachika kwenye viganja, na kuinua mikono usoni ili kimwone.

Tazama kosa liko wapi katika kila meza. Kane hakukosea kitu mezani. Kula kwake ni kula kwa mtu aliyenusurika. Kosa lilishatendeka mlangoni, na nyuma ya kitufe kile, kama inavyogundulika baadaye, kuna amri ya kampuni: kiletwe kiumbe, maisha ya wafanyakazi si kitu. Ash mwenyewe si binadamu, ni roboti. Kwa hiyo mwathirika hakuwa na mwiko wa kuvunja. Alikuwa mahali pabaya, na mwili wake ukatumika kama chungu cha kuotesha mbegu.

Ofelia alikuwa na mwiko na akauvunja. Kila Mswahili anaijua sheria ya aina hii: usigeuke nyuma, usiitike jina lako usiku kabla hujajua nani anaita, usifungue chumba cha saba. Ukishatajiwa mwiko mwanzoni, hofu inaanza kabla ya zimwi kuonekana, kwa kuwa unajua utavunjwa. Karantini nayo ni mwiko wa aina yake, lakini imeandikwa kwenye kitabu cha taratibu na anaivunja mkubwa kwa faida yake. Mwiko wa fantasia unauvunja wewe, kwa njaa yako.

Huo ndio mstari ninaoufuata ninapomshauri mtu. Katika hofu ya sayansi, kinachokuua hakijui jina lako wala hakina haja ya kulijua. Katika hofu ya fantasia, kinakujua. Kimekungoja wewe, kinakumbuka uliahidi nini, kimeandaa meza.

Jambo moja la Alien nalitaja kwa fahari. Aliyekuwa ndani ya vazi la kile kiumbe ni Bolaji Badejo, Mnaigeria aliyekuwa akisoma London, mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Hakuwa mwigizaji wa kazi. Urefu wa mikono na miguu yake ndio uliofanya umbo lile, lililochorwa na Mswisi H. R. Giger, lionekane halina mtu ndani. Filamu yenyewe inakionyesha kiumbe kwa muda mfupi sana. Sehemu kubwa ya hofu ni vijia vya chuma, mvuke, matone ya maji, na ukimya.

Tulizijua zote mbili kabla ya filamu

Wako wanaosema hadithi za sayansi si zetu. Mimi nawakumbusha mumiani.

Neno lenyewe awali lilikuwa jina la dawa nyeusi iliyouzwa madukani, na watu wakaamini imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Wakati wa ukoloni mumiani wakawa watu: wanaokamata wapita njia usiku na kuwanyonya damu ikatengenezewe dawa. Nairobi na Kampala waliitwa wazimamoto, kwa sababu ya magari ya zimamoto. Katanga, kule Kongo, wakaitwa batumbula. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya masimulizi haya, kilichotoka mwaka 2000. Yasikilize kwa makini: kuna gari, kuna shimo, kuna mpira wa kutolea damu, kuna mtu aliyeajiriwa na ana zamu. Anayekukamata hakuchukii. Amepewa kazi ya kujaza chupa. Ile kampuni ya Nostromo ingeelewana naye bila mkalimani.

Upande wa pili yuko popobawa. Mwaka 1995 hofu yake ilianzia Pemba ikaenea Unguja na kuvuka hadi bara. Watu walilala nje kwa makundi, wamewasha moto, kwa kuwa alisemekana humwingilia mtu akiwa kitandani mwake na kumdhalilisha. Na kulikuwa na sharti: aliyeingiliwa awaambie watu, la sivyo atarudiwa. Hofu hii ina masharti, ina mazungumzo kati ya kiumbe na mtu, na imeingia chumbani, mahali ambapo mlango umefungwa kwa komeo. Mumiani yuko barabarani. Popobawa yuko ndani ya chandarua.

Sipendi kuyasimulia haya kama burudani tupu. Mwaka ule mtu asiye na hatia, mgonjwa wa akili, aliuawa na umati Unguja kwa kudhaniwa ndiye popobawa. Hofu iliyoshika watu wazima barabarani si sawa na hofu tunayoichagua wenyewe na kuizima kwa kitufe. Lakini anayetaka kujua ipi itamtisha zaidi, hadithi ya sayansi au ya fantasia, namwomba ajikumbuke utotoni: ulikimbia gari lisilo na madirisha, au uliogopa kuteremsha mguu kitandani? Jibu lake ni mwongozo mzuri kuliko nyota za wahakiki.

Mwili na ahadi

Hofu ya sayansi hukaa mwilini. Ukimaliza, unajikagua. Mfano wangu bora ni hadithi fupi ya Octavia Butler, Bloodchild, ya mwaka 1984, iliyoshinda Hugo na Nebula, tuzo kubwa za hadithi za sayansi na fantasia. Wanadamu wamekimbilia sayari ya viumbe wanaofanana na wadudu wakubwa, na wamepewa hifadhi kwa bei moja: baadhi yao, hasa wanaume, wabebe mayai ya wenyeji wao. Butler alieleza kwamba hadithi ilitokana na woga wake wa nzi fulani wa Amerika Kusini ambaye funza wake hukua chini ya ngozi ya mtu. Alikuwa akijiandaa kwenda Peru. Msomaji wa kwetu hahitaji maelezo marefu hapo. Sisi tunapiga pasi hadi nguo za ndani na nepi za mtoto kwa ajili ya nzi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa. Nimewahi kumshika mtoto mkono wakati mama yake anaminya kijipu kilichokuwa na kitu kinachopumua katikati. Niliposoma ukurasa ambapo mtu anapasuliwa ili funza watolewe kabla hawajamla, nilikiweka kitabu chini nikanywa maji.

Na hapo ndipo mpaka unapovuja. Kiumbe cha Butler kinamjua kijana kwa jina. Kimemlea, kinampenda, kinaketi nyumbani kwao kama shangazi. Ni hofu ya sayansi kwa mwili na ya fantasia kwa ahadi, na ndiyo maana haitoki kichwani.

Fantasia hukaa kwenye ahadi, na ukimaliza unajikagua dhamiri. Shaaban Robert anaonyesha hili katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952 ambacho wengi walikisoma shuleni kama kitabu cha maadili wakakisahau. Kirudie ukiwa mtu mzima, usiku. Liwali mwema, anayependwa na nchi nzima, ana manyani wawili, na kila usiku anawapiga mijeledi. Anafanya hivyo akiwa na huzuni, kwa sababu ameamriwa na asiyeweza kumkatalia. Wale manyani ni ndugu zake wa tumbo moja. Ndani ya hadithi hiyo hiyo kuna mji ambao watu wake wote wamegeuka mawe. Mwandishi anakwenda zake kwenye funzo lake, lakini mimi kila nikisoma hukwama pale mjeledi unaponyanyuliwa. Mnyama anampigia magoti mtu, na mtu anajua ni kaka yake.

Hakuna damu nyingi. Hakuna kinachoruka gizani. Kinachotisha ni kwamba kesho usiku itarudiwa.

Ni nani kati yetu?

Sehemu nyingine ambapo njia hizi mbili zinapishana ni shaka juu ya mwenzako. The Thing ya John Carpenter, mwaka 1982, inawaweka wanaume 12 katika kituo cha utafiti Antaktika, pamoja na kiumbe kinachoweza kujigeuza mtu yeyote kiliyemla. Kipande kinachosifiwa zaidi ni cha kupima damu: damu ya kila mmoja inawekwa kwenye kisahani na kuguswa kwa waya wa moto. Ni kiapo, kama mwavi, ile sumu ya zamani ya kumpima mshukiwa, isipokuwa hapa kipimo ni cha kweli na kinajibu. Katika sayansi shaka ina kipimo, na hofu ni ya kungoja matokeo. Katika simulizi za uchawi kipimo hakiaminiki, hivyo shaka inabaki ndani ya familia miaka na miaka. Kwangu hiyo ya pili ni nzito zaidi. Ila kwa jioni moja ya kukaa ukingoni mwa kiti, waya wa moto unashinda.

Ukurasa, skrini, na sauti

Alien niliiona mara ya kwanza kwenye kibanda umiza, kile cha kuonyeshea video mtaani, kanda iliyotafsiriwa na msimulizi. Aliongea toka mwanzo hadi mwisho, kwa ustadi mkubwa, na umati ulichangamka. Sikuogopa hata kidogo. Miaka baadaye nikaitazama tena peke yangu, kwa spika za masikioni, bila msimulizi, nikagundua kwamba mara ile sikuwa nimeiona. Ile dakika ambayo mfanyakazi mmoja anamtafuta paka, anasimama chini ya matone ya maji na kuvua kofia yajimwage usoni, karibu haina maneno. Msimulizi alikuwa ameijaza maneno, na hofu ikakosa pa kukaa.

Kwa hiyo kwa upande wa sayansi, nashauri filamu kwanza, isiyo na msimulizi, sauti ikiwa nzuri. Chombo, mashine na umbali vinajieleza vyenyewe. Kwa fantasia ni kinyume: masimulizi ya mdomo na kitabu vina nguvu zaidi, kwa sababu zimwi analolichora msomaji mwenyewe huwa na uso wa mtu anayemjua. Pan's Labyrinth inafaulu kwenye skrini kwa kuwa inatumia ujanja mwingine: inaweka kando ya majini yake kapteni wa jeshi, Vidal, ambaye anamponda kijana mkulima uso kwa chupa mbele ya baba yake, na baadaye anakuta sungura kwenye mfuko wao, walikuwa wamesema kweli, walikwenda kuwinda. Baada ya hapo yule mweupe mwenye macho viganjani anaonekana kama jirani.

Wazazi wasikilize hapa. Jalada lina msichana na ulimwengu wa majini, lakini filamu hiyo Marekani iliwekwa daraja la R, yaani wa chini ya miaka 17 asiione bila mtu mzima, na Uingereza ni ya kuanzia miaka 15. Nimeona ikiwekwa sebuleni watoto wa miaka saba wakiwepo. Usifanye hivyo.

Kwa Kiswahili, kuna nini?

Upande wa fantasia tuna hazina. Zaidi ya Adili, ipo Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 2001, ambamo babu aliyekufa anamrudia mjukuu wake, mkubwa aliyeshiba, na kumpeleka akayaone aliyoyasababisha. Ni hofu ya kujulikana kwa jina, hasa. Ipo pia Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, 1960, ambayo ni njia ya tatu: kifo mahali pa mzimu, watu wanawaza mizimu, na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake wanaivua hofu nguo moja baada ya nyingine hadi kubaki binadamu muuaji. Anayeogopa kupita kiasi namshauri aanze na hiyo, kwa kuwa mwisho wake unarudisha usingizi.

Upande wa sayansi tuko wachache, na hili linaniuma. Walenisi ya Katama Mkangi, 1995, inaanza kwa mtu kuadhibiwa na serikali kwa kurushwa angani ndani ya chombo, adhabu ya kifo iliyovaa koti la maabara. Kurasa hizo za mwanzo zina ubaridi wa kweli, kisha kitabu kinageukia ndoto ya jamii njema. Katika filamu, Mkenya Wanuri Kahiu alitoa Pumzi mwaka 2009, ya kama dakika 20 tu: watu wanaishi ndani baada ya vita vya maji, kila tone la jasho na mkojo linasafishwa na kurudishwa kwenye chupa, na ndoto zinazimwa kwa vidonge. Hamna zimwi. Mwanamke akiota mti, mashine inamwamuru ameze kidonge. Kipande hicho kidogo kilinibana kifua kuliko viumbe vingi vya mpira. Nchi ambayo foleni za madumu ya maji ni habari ya kila siku inaweza kuandika hofu hii kuliko yeyote, na nangoja riwaya hiyo kwa hamu.

Basi, uchague ipi?

Kama unachoogopa ni hospitali, sindano, mwili kutokuwa wako, au kazi ambayo mkubwa hakujali ukifa, sayansi itakupata. Anza na Alien ikiwa hujawahi. Kama umezoea, nenda Bloodchild, inasomeka kwa kikao kimoja. Usile kwanza.

Kama unachoogopa ni nyumbani, kiapo ulichokivunja, marehemu ambaye hukumwomba radhi, chagua fantasia. Adili na Nduguze kwa anayependa lugha. Babu Alipofufuka kwa aliye na cheo.

Asiyetaka kuchagua, ampokee Frankenstein wa Mary Shelley, aliyechapishwa London Januari 1818. Mwandishi alikianza akiwa na miaka 18, kando ya ziwa Geneva, mwaka 1816, mwaka ambao Ulaya haikuona kiangazi kwa sababu mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka mwaka uliotangulia na kurusha angani gesi zilizofifisha jua. Walikuwa wamefungiwa ndani na mvua, wakashindana kutunga hadithi za kutisha. Kiumbe chake kimezaliwa kwa sayansi, kisha kinafanya jambo la kifantasia kabisa: kinamjua aliyekiumba, kinamfuata, na kinamwahidi kwamba usiku wa harusi yake kitakuwepo. Kuanzia ahadi hiyo hadi harusi, kila ukurasa una giza.

Kuna wakati pia wa kutochagua yoyote. Mwenye msiba mbichi asitazame Annihilation. Sauti ile ya dubu si ya mtu aliyezika juzi. Mwenye mimba aiache Alien mpaka ajifungue salama.

Mpwa wangu nilimwambia asianze na skrini. Nilimwambia amwombe bibi yake, ambaye ni mama yangu, amsimulie ya ngoma, taa ikiwa imezimwa, na wimbo wake uimbwe wote bila kurukwa, kisha ndiyo atazame Annihilation kesho yake. Alifanya hivyo. Kuhusu dubu aliandika kurasa mbili za ujumbe. Kuhusu ngoma aliandika mstari mmoja tu: "Mjomba, bibi alipofika pale mama anaposikia sauti, na yeye alinyamaza muda mrefu sana, mpaka nikamshika mkono."